Kopo la Kimea

Siku ya kikao tulikuwa watu saba. Mimi, mwenye miaka kumi na saba, nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mdogo wangu wa kike, darasa la tano, alisimama mlangoni kwa sababu alikuwa ameambiwa asisikilize. Mdogo wangu wa kiume, darasa la pili, alisikiliza bila kuambiwa chochote. Alikuwepo shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyefika jana yake kutoka Karema juu ya lori la dagaa. Alikuwepo balozi wa nyumba kumi, aliyeitwa awe shahidi na kupewa kiti pekee chenye mgongo. Jirani yetu mpika pombe hakuitwa, lakini alikuwa upande wake wa ua akikoroga pipa, na ua ule wa mabua ulimfika kifuani. Wa saba alikuwa mtoto wetu wa mwisho, wa mwaka mmoja na miezi minane, aliyelala mkekani. Kikao kilimhusu yeye.

Shangazi alishika kadi ya kliniki. Hakujua kusoma, ila rangi alizijua.

"Hii ni rangi gani, baba?" Aliniita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu.

"Nyekundu, shangazi."

"Na mwezi wa nyuma?"

"Nyekundu."

"Kwa hiyo hajahama."

Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa na kifo cha mama, miezi saba baada ya kifo cha baba. Tangu hapo alama zake kwenye kadi zilikuwa zikishuka kwa utaratibu, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Shangazi alisema hakuja kugombana, alikuja kuchukua watoto. Huyu mdogo na yule wa kike angekwenda nao Karema. Wa kiume angepelekwa kwa baba mdogo, Tabora, kwa treni. Mimi nilikuwa mwanamume, ningejua la kufanya.

Nikasema mama aliacha neno moja tu, kwamba tusitawanyike. Niliacha shule kidato cha pili kwa ajili ya neno hilo, na sikuwa tayari kulirudisha.

"Neno halinenepeshi mtoto," shangazi akasema.

Balozi akakohoa, akapendekeza tusubiri kliniki ya mwezi unaofuata. Alama ikipanda, watoto wanabaki. Isipopanda, shangazi anaondoka nao lori la kwanza. Wote tukakubali. Balozi akafunga kikao na kumaliza karanga zilizokuwa kwenye sahani. Zile karanga nilizinunua kwa ajili ya uji wa mtoto.

"Nitasubiri hapahapa," shangazi akasema. "Nione mnakula nini asubuhi."

Nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga pale Majengo. Nilirudi nyumbani kila jioni nikiwa mweupe mpaka kope, na kwa sababu hiyo nilijiona mtu anayejua unga. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilipika uji wa mahindi wa sufuria moja. Kwetu uji hugawanywa kwa namna moja: mtu akiongezeka, unaongeza kikombe cha maji. Hakuna mgeni aliyewahi kukosa uji nyumbani kwetu, na hakuna aliyewahi kuona tumepungukiwa. Shangazi alipofika niliongeza kikombe. Alipokuja mwenzake wa kanisani kumsalimia, nikaongeza kingine.

Mtoto alikunywa vikombe viwili kila asubuhi. Tumbo lilijaa, likakaza kama boga. Saa moja baadaye alikuwa analia, na tulidhani ni minyoo.

Muuguzi alikuwa amenitajia vitu vya kumpa mtoto asubuhi. Alisema maziwa, lakini ng'ombe hatukuwa naye. Alisema yai. Kuku tulikuwa naye mmoja, na wakati huo alikuwa ameatamia chini ya kitanda na hakutaka mazungumzo. Alisema papai, na huo mti tulikuwa nao, kwa hiyo mtoto alikula papai kila siku. Kitu pekee kilichoongezeka ni nepi za kufua. Mdogo wangu wa kike alimpondea kiazi kitamu na dagaa wa shangazi waliotwangwa. Mtoto alikula vijiko viwili, cha tatu akamtemea shangazi kwenye kitenge cha misa.

Wiki ya pili, asubuhi moja shangazi akiwa kanisani, jirani aliegemea ua akanitazama nikimnywesha mtoto.

"We kijana, mbona unamnywesha maji ya kusuuzia sufuria?"

"Ni uji, mama."

"Uji? Hebu mwaga kidogo hapo kwenye jiwe."

Nikamwaga kijiko kimoja. Ulitiririka kwenye jiwe, ukashuka, ukafika mpaka kwenye kibaraza.

"Umeona unavyotembea? Uji haupaswi kwenda safari. Tumbo la huyo mtoto ni kama ngumi yake. Umelijaza maji, chakula kikakae wapi, mgongoni?"

Nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa mtu wa mashine. Kesho yake nikapika uji mzito, unaokaribia ugali. Mtoto alibana midomo kama mtu anayehojiwa polisi. Nilijaribu siku mbili. Siku ya tatu jirani alizunguka kwa mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba, akiwa na kopo la unga wa rangi ya kahawia.

Kilikuwa kimea. Alilowesha ulezi, akauacha uchipue ndani ya gunia lenye unyevu, akauanika, akausaga kwenye jiwe. Ndicho alichotumia kwenye pombe yake, na pombe yake ilijulikana mpaka stesheni.

"Pika uji wako mzito, mwiko usimame," akasema. "Uepue. Ungoje mpaka uweze kuuonja bila kuungua. Sasa tia kijiko kimoja cha hiki, ukoroge."

Nikakoroga. Mara ya kwanza mwiko ulikuwa mzito. Nilipofika kama mara ya thelathini ule uji ukalegea wenyewe, mbele ya macho yangu, ukawa wa kunywa. Sikuongeza hata tone la maji.

"Urudishe motoni uchemke tena. Unga wote uliotia bado umo humo. Haujaenda popote."

Nikatia karanga zilizokaangwa na kutwangwa, safari hii nikiwa nimezificha balozi asizione. Mtoto akanywa kikombe kimoja, akakigonga sakafuni kutaka kingine. Akalala mpaka mchana. Mdogo wangu wa kike alikwenda mara tatu kuangalia kama anapumua.

Kuanzia hapo nilipika mara mbili: uji wetu wa maji kwanza, na wa mtoto baada ya shangazi kwenda misa. Kopo nililiweka nyuma ya mtungi. Siku ya tisa shangazi aliinama kuchota maji, akasimama taratibu, akiwa nalo mkononi. Akalinusa.

"Hiki ni kimea."

"Ndiyo, shangazi."

"Kimea cha yule mama wa pombe."

"Ndiyo."

"Mtoto wa kaka yangu ananyweshwa pombe asubuhi, mimi nikiwa kanisani namwombea?"

Nikamweleza habari ya tumbo na ngumi. Hakusikia. Kutoka upande wa pili wa ua sauti ikasema, "Mwambie anywe mwenyewe aone kama atalewa!"

"Na nitakunywa!" shangazi akajibu. "Nipe hapa. Nikianguka, nyie watoto mtakuwa mashahidi."

Nikampa kikombe. Akanywa chote, akafuta mdomo, akakaa kwenye kigoda na kushika magoti kwa mikono miwili, akisubiri kulewa. Wadogo zangu walikaa mbele yake wakisubiri pia. Jirani aliacha pipa lake. Saa nzima ikapita. Mdogo wangu wa kiume akamuuliza kama anaona watu wawili wawili.

"Naona mtoto mjinga mmoja," shangazi akasema. Kisha akaninyooshea kikombe. "Kimoja hakitoshi kuhakikisha."

Alikunywa cha pili. Baada ya hapo hakusema tena neno pombe, lakini hakusema pia kwamba mtoto atabaki. Makubaliano yalikuwa alama kwenye kadi, naye alikuwa mtu wa makubaliano.

Siku ya kliniki alikuja na sisi. Kwenye foleni mwanamume nilikuwa peke yangu, na nilikuwa na vumbi la unga kwenye nywele.

"Baba mtoto, ziwa limekauka?" mama mmoja akaniuliza.

"Msimcheke," mwingine akasema. "Huyu ananyonyesha usiku, mchana anasaga."

Walicheka mpaka watoto wao wakaamka. Mimi nilikuwa naangalia ule mzani unaoning'inia kwenye boriti, na kile kikaptula cha turubai ambamo mtoto anatumbukizwa miguu. Mtoto wetu alipotundikwa alipiga mateke. Muuguzi akashika mzani utulie, akasoma, akasoma tena. Akachukua kalamu.

Shangazi aliipokea kadi kabla yangu. Aliitazama kwa muda mrefu kwa mtu asiyejua kusoma. Alama mpya ilikuwa juu ya ile ya zamani, imetoka kwenye nyekundu na kuingia kwenye kijivu kilicho chini ya kijani, ukingoni kabisa, kama mtu aliyevuka mto na mguu mmoja bado uko majini.

"Hii si kijani," akasema.

"Si kijani, shangazi."

"Lakini imepanda."

"Imepanda."

Akanirudishia kadi. Tulipofika nyumbani akaanza kufunga mizigo yake, mizigo yake peke yake. Asubuhi ya lori alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana mjukuu kule Karema ambaye naye hali vizuri. Nikamfungia kimea kwenye karatasi, akakiweka kwenye mkoba, chini ya rozari.

Kwa jirani nilikuwa nimechukua makopo matatu. Nilipompelekea hela alizikataa. Alisema kimea hulipwa kwa kimea. Mpika pombe akipokea hela ya kimea, pipa lake linakataa kuchacha, na tena mkopaji hajifunzi kitu.

Nikalowesha ulezi wangu mwenyewe. Ulichipua vizuri. Zilikuwa siku za mvua, kwa hiyo nikauanika kwenye mashine, karibu na injini, mahali penye joto kavu. Jirani alifungua kopo, akanusa, akalifunga.

"Hiki nikipikie trekta?"

Kilikuwa kinanuka dizeli. Nikaanza upya. Cha pili kilioza guniani kwa sababu nilitia maji mengi, kosa langu lilelile. Cha tatu kilitoka sawasawa, kikavu, kitamu ukikiweka ulimini. Nilikuwa nimekisaga kwenye jiwe kwa mikono, mimi mtu wa mashine. Nikajaza makopo matatu nikaenda nayo nikiwa nimevaa shati safi.

Nyumba ilikuwa imefungwa. Wakaniambia amekwenda Kibaoni kwa binti yake aliyejifungua, atarudi mwisho wa mwezi. Hakurudi. Mwaka uliofuata nilikwenda Kibaoni siku ya soko na makopo yangu kwenye mfuko. Nikaambiwa binti na mumewe walihamia mashambani, na bibi pamoja nao, na kila niliyemuuliza alinyoosha mkono upande tofauti.

Mtoto yule sasa ananizidi urefu. Wadogo zangu hawakutawanyika, mpaka walipotawanyika wenyewe kwa kuoa na kuolewa, na huko siwezi kumlaumu mtu. Kila ulezi unapovunwa nalowesha kidogo, nachipusha, naanika juani mbali na injini yoyote, nasaga. Kile cha mwaka uliopita nawapa wenye watoto wadogo, kipya nakiweka nyuma ya mtungi. Makopo matatu, yaliyojaa. Bado nadaiwa.