Alikaa mkekani kwenye msiba wa mke wangu, sasa hawezi kuja kuumaliza

Admin, nifichie jina na kijiji. Sema tu ni upande wa Kagerankanda, Kasulu. Mimi ni mgane wa miaka sitini na nane. Nilivuka Mto Malagarasi kutoka Burundi mwaka 1972 nikiwa mwalimu kijana, na sijarudi tena. Naandika polepole kwa simu ndogo, mnivumilie.

Mke wangu alifariki mwaka jana, 2013, mvua za kwanza zilipoanza. Kambi ya Mtabila ilikuwa imeshafungwa na ndugu zake wote wamerudishwa Burundi. Watu walikuja kuzika, lakini waliobaki kukaa nami msibani walikuwa wachache mno: binti yangu wa mwisho na majirani wawili, Waha wa hapa. Basi. Mwanamke aliyewapikia wafiwa wa kijiji kizima miaka yote ile.

Baada ya hapo chakula kikanishinda, usingizi ukapotea, na maneno yakakauka. Binti yangu akanipeleka hospitali. Wakapima malaria, wakapima sukari, hawakuona kitu. Muuguzi akatuelekeza kwa mwanasaikolojia, mwanamke kijana wa kutoka Iringa, nitamwita Neema. Alikuwa akifanya utafiti: namna mila za mgonjwa, na uhusiano wake na anayemtibu, zinavyosaidia au kuzuia tiba ya mazungumzo.

Mara ya kwanza tulikaa tukitazamana, meza katikati. "Baba, unajisikiaje?" Nikasema vizuri. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akaweka kalamu chini akasema, "Baba, naona anayekosea ni mimi. Kwenu mtu akifiwa anazungumza na nani?"

Nikamweleza. Nyumbani kwetu, habari za marehemu huzizungumzi na mtu ambaye hakukaa nawe msibani. Utamsalimia, utampa hata chakula, lakini marehemu humtaji mbele yake.

Wiki iliyofuata alikuja kwangu kwa bodaboda, amejifunga kanga, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Binti yangu alitandika mkeka palepale ulipokuwa siku za kilio. Neema akavua viatu, akakaa kando yangu, wote tukiangalia migomba. Hakuuliza neno. Jirani alipopita alimpa pole kama anavyopewa mfiwa, naye akaipokea. Jioni ilipokaribia nikajisikia nikilitaja jina la mke wangu. Tangu siku hiyo nikasema, na hata hospitali tukawa tunakaa ubavu kwa ubavu. Nikaanza kula, nikalala. Bila Neema nadhani msingekuwa mnasoma haya.

Sasa kilichonileta kwenu. Kwetu msiba una kufunguliwa na una kufungwa. Kufunga tunaita kuganduka. Ni kama watu wa pwani wanavyoanua matanga, ila sisi husubiri hata mwaka. Waliokaa msibani wanakusanyika, wanakunywa pombe ya mtama kwa mirija kutoka chungu kimoja, kisha marehemu amepumzika na walio hai wako huru. Kabla ya hapo hakuna harusi katika nyumba ile. Na aliyeingia msibani sharti atoke pamoja na wenzake. Akikosekana, msiba umebaki kwake.

Nilimwalika Neema. Akasema utafiti wake umekwisha, amehamishiwa Dodoma, na taaluma yake haimruhusu. "Tiba ikiisha, baba, na uhusiano unaishia hapo. Hata ile siku ya mkeka wakubwa wangu walinisema."

"Lakini uliniambia mkeka ndio uliofungua mazungumzo. Umeandika hivyo."

"Nimeandika."

"Basi umeandika mlango wa kuingilia. Wa kutokea umeuweka wapi?"

Nikajaribu kumchekesha, nikamwambia kama ni mlokole nitamwekea maji kwenye kikombe chake. Akatabasamu, huku machozi yanamtoka. "Siku hiyo nitakupigia simu," akasema. Nimefundisha watoto miaka mingi, namjua mtu anayefuata sheria inayomuumiza. Simlaumu. Lakini niliumia kuliko nilivyotegemea.

Binti yangu amechumbiwa na kijana wa Kasulu mjini. Wakwe wamekuja mara mbili, wanataka harusi kabla ya mvua. Na mimi naahirisha kuganduka, nasema tungoje kidogo, huenda Neema akapata ruhusa. Jirani yangu alikuwa ananitania, "Mwalimu, unamngoja yule kama mtu anayengoja mvua mwezi wa saba." Siku hizi hata kunitania ameacha.

Juzi binti yangu alikuwa akichambua maharage, akasimamisha mikono. "Baba, aliyekufa ni mama yangu. Mbona kumaliza kilio chake kunamsubiri mtu ambaye hakuwahi kumwona?"

Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi nilikaa mkeka huohuo. Mbona mimi hukuniambia kitu?"

Nilinyamaza kwake kwa sababu naye alikuwa analia, sikutaka kumwongezea. Nilipotaka kumweleza hivyo alikuwa ameshaingia ndani na ungo wake.

Mirija nimeshaikata, imekauka vizuri, nimeiegemeza kwenye kona karibu na kitanda. Mmoja ni wa Neema. Nikimaliza msiba bila yeye, naona ninamwacha mtoto wa watu peke yake huko Dodoma, ndani ya kilio ambacho hata si cha ukoo wake, na alikiingia kwa ajili yangu. Nikiendelea kumngoja, ninamfungia humohumo mwanangu wa kumzaa.

Nyie mliosoma mambo haya, na nyie mnaozijua mila, nishaurini mzee wenu. Nimtoe yupi, na yule nitakayemwacha nitamwambia nini?