Shavu la Kulia

Baba yangu alikuwa bwana mifugo. Miaka yote ya utoto wangu alitoka nyumbani saa moja kasorobo na pikipiki ya kazi, akaenda kuingiza mkono ndani ya ng'ombe wa watu mpaka kwapani, akavuta ndama waliokwama, akachanja, akahasi, akarudi jioni ana mavi mpaka kwenye ukosi. Akishuka tu, bafuni. Akitoka huko, weee! Utadhani karani wa benki. Ndevu hana hata moja, shati limenyooka, ananukia sabuni. Majirani pale Ilongero walimtania kwamba hata ng'ombe akimwona anajisikia mchafu.

Halafu kiharusi kikamwangusha.

Ya hospitali sitaki kuyasimulia. Alirudi nyumbani upande wa kulia umekufa. Mguu anauburuta, mdomo umepinda, na mkono, ule mkono uliozalisha nusu ya ng'ombe wa tarafa nzima, unaning'inia tu. Daktari alisema atakuwa mtu wa nyumbani, afanye mazoezi, tuone itakavyokuwa. Mama alishafariki. Kaka zangu wako mbali na familia zao. Mimi nilikuwa msusi kwenye saluni Singida mjini, sina mume, sina mtoto, kwa hiyo ukoo mzima ulinigeukia kwa pamoja bila hata kuitisha kikao. Nikafunga begi nikapanda bodaboda nikarudi Ilongero, nina miaka thelathini na minne na hasira zangu zote.

Nasema hasira kwa sababu nilikuwa nimechumbiwa, tena kwa umri ambao wambea walishanitoa kwenye hesabu. Mwanamume wa Shelui, fundi wa matairi ya malori pale barabarani, mpole, mcheka hovyo. Wazee wake walishaomba kuja kuposa, na tulikuwa tumewapa siku, baada ya mavuno ya alizeti. Kiharusi kilikuja ikiwa imebaki miezi mitatu.

Baba mdogo, ambaye ua wake umepakana na wetu, alilimaliza suala hilo akiwa amesimama mlangoni. "Kaka apumzike. Wageni nitawapokea mimi. Nitakaa kwenye kiti chake, ndiyo kazi ya mdogo mtu."

Hakusema kwa ubaya. Kwetu anayekaa kwenye kiti cha baba ndiye baba kwa siku hiyo. Ndiye anayeulizwa, ndiye anayejibu, ndiye anayemtoa binti. Na mtu anayefutwa mate na kuvalishwa suruali hawezi kukalishwa mbele ya wakwe, itaonekana tunawadharau. Baba alikuwa kitandani anasikia kila neno. Akasema, maneno yakitoka moja moja, "Nikiweza kuvaa... na kunyoa... mwenyewe... nakaa mimi."

Baba mdogo akacheka kidogo, cheko la huruma. "Haya kaka. Ukiweza."

Basi ikawa ndiyo hiyo. Sikumwamini hata mimi, nakiri. Usiku huo nilimwomba Mungu anisamehe, kwa sababu moyoni nilishamkubali baba mdogo.

Asubuhi iliyofuata simu ya baba ilipiga kengele saa kumi na mbili kamili, kama alivyozoea enzi za kazi. Binti hamwogeshi baba yake, hilo hata kiharusi hakilibadilishi, kwa hiyo wiki ya kwanza aliogeshwa na baba mdogo. Wiki ya pili alikataa. Akaagiza kigoda cha kukamulia kiwekwe bafuni, kamba ifungwe kwenye nguzo, ndoo ya maji ya moto iwe upande wa kushoto. Halafu akajifungia. Nilisimama nje ya mlango wa bati nikisikiliza kopo linaanguka, linaokotwa, linaanguka tena. Saa nzima!

"Baba, uko salama?"

"Zamu yako ya kuoga ikifika... nitakuja kukuuliza na wewe."

Mdomo umepinda lakini maneno yake hayakupinda, jamani.

Baada ya kuoga, mswaki. Baada ya mswaki, mafuta. Baada ya mafuta, shati, na hapo ndipo nilipotaka kupasuka. Vifungo saba kwa mkono wa kushoto peke yake ni dakika ishirini na tano, nimezipima. Nilikwenda gulioni nikamnunulia fulana tatu nzuri, za kutumbukiza kichwa tu. Akazitazama. "Fulana ni ya kulalia," akasema, akarudi kwenye kifungo cha tatu. Suruali alipiga pasi mwenyewe, pasi ya mkaa, meza imesogezwa ukutani ili aegemee. Aliunguza moja. Ya pili mkunjo ulinyooka mpaka niliogopa kuugusa.

Saa mbili na nusu yuko upenuni, ameketi kwenye kiti chake, viatu vimefungwa, ameshika leso mkono wa kushoto kwa ajili ya mdomo. Hana pa kwenda. Hana cha kufanya mpaka jioni.

"Baba, umependeza, unakwenda wapi?"

"Kazini."

Kazi gani? Kutazama kuku. Lakini kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijui. Watu waliokuwa wanapita na mifugo yao walianza kusimama. Mtu akimkuta mgonjwa amejifunika blanketi anampa pole na kuendelea na safari. Huyu walimkuta amevaa kikazi, wakajikuta wanamuuliza dawa ya kupe. Mwezi ulipokatika, mama mmoja alimletea mbuzi mwenye jicho bovu mpaka upenuni, akamwamkia, wakahangaika na lile jicho, na akaondoka bila kumpa pole kabisa. Baba siku hiyo alikula ugali wote wa uwele.

Ndevu sasa. Shavu la kushoto alilimudu kwa wiki mbili. La kulia lilikuwa vita. Ngozi imelegea, haina hisia, na ukinyoa unahitaji mkono mmoja uvute ngozi na mwingine ushike wembe. Yeye anao mmoja. Alijikata, hakusikia, akaendelea, nami naona damu inachuruzika mpaka shingoni. Nikisogea ananitolea jicho. Kila asubuhi nusu saa kwa lile shavu, na bado linabaki na vishungi kama shamba lililopaliliwa na mlevi.

Siku moja alikuwa na miadi ya mazoezi mjini. Bodaboda amefika, anapiga honi nje, maji yamepoa, na baba bado yuko kwenye kioo anahangaika na shavu. Uvumilivu wangu ukaisha. Mimi mtu wa saluni bwana, vichwa vya watu ndiyo kazi yangu! Nilimpokonya wembe mkononi, nikamshika kidevu, nikamvuta ngozi, nikamnyoa. Dakika mbili, safi kabisa. "Umeona? Mbona jambo dogo," nikamwambia.

Mjini alikaa kwenye kiti cha mazoezi bila kuinua hata kidole. Tuliporudi alilala na viatu, akageukia ukutani.

Kesho yake simu ilipiga kengele, akaizima. Nikaingia. "Shikamoo baba." Kimya. Naomba mnielewe uzito wake. Baba yangu aliitikia shikamoo hata ya mtu aliyemwibia mbuzi. Nilisimama pale na shikamoo yangu hewani, nikatoka kinyumenyume. Hakuoga siku hiyo. Siku ya pili hakuoga. Ndevu nyeupe zikaota, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba baba yangu ni mzee. Jioni baba mdogo alikuja amevaa koti lake la harusi kuniuliza kama linambana mabegani. Zilibaki wiki mbili.

"Linabana," nilimwambia. Halikuwa linabana hata kidogo.

Siku ya tatu niliingia nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwamkia, kimya. Nikasema, "Baba, nimekosa. Sikukunyoa kwa mapenzi, nimekunyoa kwa haraka zangu. Nisamehe." Sijawahi kumwomba mtu msamaha nikiwa nimepiga magoti.

Alijigeuza polepole kunielekea. Kisha akasema, "Maiti ndiye hunyolewa, mama." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Anaoshwa... ananyolewa... anavalishwa... hasemi kitu. Mimi bado nasema."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia nikiwa nimeweka kichwa kwenye blanketi lake, na ule mkono mzima ukaja ukatulia kwenye nywele zangu.

"Marahaba," akasema. Marahaba ya siku tatu. "Lete maji."

Kuanzia hapo nilikoma. Nilikuwa naweka ndoo, naweka kioo, naondoka kwenda kupeta uwele nyuma ya nyumba ili nisione. Asubuhi moja nikasikia anapiga chafya mfululizo, nikachungulia. Machozi yanamtiririka, shavu la kulia limetuna kama la mtu mwenye jino bovu. Nikajua kiharusi kimerudi.

"Baba! Una nini?"

Akatema kitu kwenye kiganja. Kitunguu. Kitunguu kidogo kizima na ganda lake, kutoka kwenye kapu langu la jikoni.

"Ng'ombe nikitaka kumkagua meno," akasema, anafuta machozi na kucheka kwa upande mmoja, "namtia kijiti mdomoni. Shavu linajaa. Nimejitia mimi."

Na kweli, ngozi ilikuwa imetanuka kutoka ndani, na wembe ulikuwa umepita vizuri kuliko siku zote. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu mzima wa miaka sitini na nane amejitibu kama ng'ombe wake! Nilimtafutia vitunguu vyenye ganda gumu, visivyowasha sana, nikawa namwekea kimoja kando ya kioo kila asubuhi. Huo ndio msaada pekee alioukubali. Nimesuka mamia ya wanawake, nimewatengeneza maharusi, lakini sijawahi kuona mtu anayejipenda kwa jasho namna ile. Nilikuwa nadhani usafi wa baba ni tabia tu, kama mtu anavyopenda chumvi nyingi. Kumbe ndiyo ilikuwa njia yake ya kuamka.

Siku ya wageni ilikuwa na upepo wa kiangazi, ule wa kwetu unaoingiza mchanga hadi kwenye sufuria. Baba aliamka saa kumi badala ya kumi na mbili. Saa tatu alitoka chumbani. Suti ya kijivu, vifungo vyote, viatu vinang'aa, mashavu yote mawili safi. Chini ya taya la kulia kulikuwa na kishungi kimoja cha mvi alichokisahau. Mkono wangu uliwasha, wallahi uliwasha, nikaufunga kwenye kanga nikaunyamazisha.

Baba mdogo alikuwa ameshafika na koti lake. Alimtazama kaka yake kuanzia viatuni mpaka usoni, akavuta kigoda cha pembeni akakikalia.

Mimi kama mwali nilikuwa ndani, nachungulia kwa upenyo wa pazia. Wazee wanne walishuka kwenye gari, wakavuka ua. Na hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo katika miezi mitatu ya vifungo na vitunguu hakuna aliyelifikiria. Salamu! Mkubwa wao, mzee mrefu mwenye kofia, alikuwa anakuja moja kwa moja kwa baba, mkono wa kulia umenyooshwa. Baba mdogo akanyanyuka nusu. Ukimpa mkwe mkono wa kushoto ni tusi. Usipompa kabisa ni tusi kubwa zaidi. Nilishika pazia mpaka likachomoka pete.

Baba hakubabaika. Aliegemea kiti akasimama, mkono wa kushoto ukaenda ukaukamata ule wa kulia chini ya kiwiko, akauinua polepole, akaunyoosha mbele ya mgeni. Na kwetu hivyo ndivyo mtu anavyomsalimia anayemheshimu sana, mkono mmoja ukiushika mwenzake. Yule mzee alivyoona heshima ile, akavua kofia, akainama, naye akashika kiwiko chake.

Wakashikana. Nikaona yule mzee anausubiri mkono wa baba ubane, nao haubani. Nikamwona anaelewa. Hakuuachia. Alimngoja baba akae, kisha akaupeleka mwenyewe mpaka kwenye goti la baba, akaulaza pale taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto aliyelala.

Baba akapangusa mdomo kwa leso, akawatazama wote wanne.

"Karibuni," akasema. "Mimi ndiye baba yake."