Bahari Aliyoichonga kwa Wivu

Saa mbili asubuhi milango ya makumbusho bado imefungwa, na fundi seremala amepiga magoti mbele ya kabati la kioo, kitambaa mkononi. Anafuta alama za vidole. Upande wa meli zimejaa tele. Upande wa makasha ya mizigo, ambayo ni kazi yake, kioo ni safi kama kilivyoachwa jana.

"Huku hata sifuti," anasema. "Nani aguse?"

Maonyesho hayo yanahusu biashara ya baharini enzi za ukoloni: pembe za ndovu, katani na ngozi zikitoka, majora ya vitambaa yakiingia. Fundi ndiye aliyetengeneza makasha, gati na bahari yenyewe, ubao mpana uliochongwa mawimbi. Meli ya mfano iliyokaa juu yake ni kazi ya mdogo wake, anayeitwa Nahodha ingawa hata kwenye mtumbwi hutapika.

Wanafanya kazi karakana moja. Kaka ndiye aliyemfundisha mdogo kushika patasi baada ya baba yao kufariki. Leo wageni wakiingia huuliza, "Nahodha yupo?" Wakiambiwa hayupo, huenda zao.

"Inauma," fundi anasema bila kuzunguka. "Ni ndugu yangu, nampenda. Lakini akisifiwa, chakula hakipiti."

Basi kabla ya ufunguzi akafanya jambo. Nahodha alikuwa amelipaka tumbo la meli rangi nyekundu, kazi tamu kuitazama. Kaka mtu akachimba kwa kina, kwenye ule ubao wa bahari, shimo la kukalia meli, ikazama mpaka karibu na sitaha. Wekundu wote ukapotea. Alipoulizwa, akajibu kwa uso mkavu kwamba meli iliyosheheni lazima izame.

"Si uongo," anasema, akicheka kidogo. "Lakini wivu ndio ulioshika patasi."

Mpango ukamgeukia. Wageni walisimama pale wakinong'ona: tazama ilivyolemewa, tazama mali ya watu inavyoondoka. Meli iliyokuwa nzuri tu sasa ikawa inatia uchungu. Sifa zote zikaenda kwa Nahodha, na mkuu wa makumbusho akamwambia papo hapo kwamba chumba kijacho, cha wachukuzi wa bandarini, atakitengeneza yeye. Hicho ndicho chumba fundi alichokitamani kuliko vyote, maana babu yao alikuwa mchukuzi.

"Mimi nimeunda meli tu," Nahodha alimjibu mkuu. "Aliyeizamisha ni kaka. Mpe yeye."

Akapewa. Ungedhani moyo ulitulia. Wapi.

"Angenyamaza ningemchukia nikapumzika," anasema. "Sasa hata kazi ya babu nimeipata kwa hisani yake. Na ile bahari anaisifia mpaka kwa majirani, hajui kwa nini niliichimba."

Mbao za chumba kipya zimeshafika. Anapanga kumchonga babu kwa ukubwa wa mtu, kasha begani, asimame katikati, mahali ambapo hakuna mgeni atakayempita bila kumtazama. Tatizo ni uso. Babu hakuacha picha, na ukoo mzima unasema sura yake kaichukua Nahodha, haijapungua kitu.

Fundi anakunja kitambaa chake, anainuka taratibu.

"Nimemwambia kesho aje akae mbele yangu," anasema. "Atulie, asicheke, nimtazame."