Mawe ya Kuchagulia Injini ya Boti

Hapa Kapsoit, kwenye vilima vya chai mbali na ziwa, ni sisi tu wenye boti uani. Ililetwa juu ya trela, kuukuu, rangi imebabuka, na nyuma mahali pa injini pakiwa wazi kwa sababu ile ya zamani ilikufa. Baba aliinunua ili akistaafu kiwandani arudi ziwani kuvusha abiria. Naandika "arudi", lakini ukweli ni kwamba alizaliwa hukuhuku, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Ziwa, alikotoka babu, analijua kwa kwenda mazishi tu. Kuogelea hajui.

Jirani yetu, mzee wa Kikipsigis ambaye chai yake imepakana na ua wetu, hakutupa nafasi. Kila asubuhi akipeleka maziwa alisimama kwenye ua.

"Nuhu! Mvua inakuja lini?"

"Cheka tu, Mzee," Baba anamjibu. "Siku hiyo utabisha na sitafungua."

Mimi nilipita na ndoo kama sijasikia. Watu wakicheka hivyo huwa sijui niweke uso wangu wapi.

Sasa injini. Muuzaji wa Kisumu alimtumia Baba picha za mbili kwenye simu, moja ya nguvu za farasi arobaini, nyingine ishirini. Alisema wazi kwamba ikishatoka dukani hairudi. Baba hakufikiria hata dakika moja, akampigia.

"Arobaini. Hiyo ishirini ni ya kukata nyasi."

Namwelewa. Maisha yake yote ametengeneza mashine za kusaga majani ya chai, na huko mashine ndogo ni ya kulaumiwa tu. Lakini mimi nilisoma maandishi chini ya picha. Arobaini ilikuwa na uzito wa karibu kilo mia moja. Ishirini, hamsini na tano. Ile iliyokufa ililetwa ndani ya boti kama chuma chakavu, na Baba na mwenzake waliishusha wakipiga stori. Na kile kibati cha kuonyesha boti inaweza kubeba injini gani kilishatoka, yamebaki matundu ya skrubu.

Siku mbili nilinyamaza. Kwenye daftari niliandika: Baba atazama na mimi nilijua. Siku ya tatu, tukila, nikasema nikiangalia sahani.

"Baba, kiwandani mashine inakaa juu ya zege. Hii itakaa juu ya maji."

Mama aliacha kupakua.

"Umeanza lini kujua injini?" Baba akauliza.

"Sijui injini. Najua kilo. Tupime."

"Tutapima aje na iko Kisumu?"

"Na mawe."

Alitafuna polepole. "Sawa. Lakini wazo ni lako. Mizani utaomba mwenyewe."

Alijua ananipa mtihani. Mizani iko kwenye kituo cha kupimia chai, na ufunguo huwa na yule jirani. Nilifika mlangoni kwake, nikarudi hadi barabarani, nikafika tena. Nilimweleza.

"Mawe? Kwani chai imeisha shambani, *lakwet*?"

Lakwet ni mtoto kwa lugha yao. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akachukua ufunguo.

Tulijaza mawe kwenye magunia ya chai, tukayaning'iniza moja moja. Kila gunia likipimwa mzee alipunguza kilo moja, vile wakulima wanavyopunguziwa pale kituoni tangu zamani.

"Kilo moja ni ya gunia," alisema. "Sheria ni sheria."

"Leo usipunguze, Mzee," nikasema. "Gunia pia linapanda boti."

Watu waliokuwa kituoni walipasuka kwa kicheko, na mara hii hawakuwa wakinicheka mimi.

Trekta lilivuta boti hadi bwawa la kunyweshea ng'ombe. Tulifunga mawe ya kilo mia moja pale nyuma. Baba akaketi karibu nayo, mahali dereva wa boti hukaa, na mzee akaketi mbele na kofia yake. Maji yalibaki vidole viwili kufika ukingo. Baba alijigeuza kidogo tu, kama mtu anayetaka kuwasha injini, maji yakaingia lita kwa lita.

"Fundi! Unanizamisha na mvua bado!" mzee akapiga kelele, akaruka nje. Maji yalimfika magotini.

Tulimwaga maji, tukatoa magunia mpaka zikabaki kilo hamsini na tano, Baba na mzee wakarudi mahali pao. Boti ikainuka. Kati ya maji na ukingo palipita kiganja changu chote, na kidole gumba juu yake. Baba akajigeuza, akajitikisa, akasimama kabisa. Halikuingia hata tone.

Akatoa simu, akampigia muuzaji.

"Niwekee ishirini. Hapana, sijabadilisha kwa sababu ya pesa. Imepimwa huku. Na nani?" Akanitazama mbele ya watu wote. "Na binti yangu. Ngoja, ongea naye."

Akaninyooshea simu. Nilishuka tena hadi ukingo wa bwawa, viatu vikaingia matopeni, nikaipokea. Muuzaji akauliza kama tuna uhakika.

"Tuko na uhakika," nikasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa ng'ombe wa ng'ambo. "Tuletee ishirini."