Bangili ya Mama Chini ya Leza

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimekaa jikoni kwa mama pale nyumbani Dunda, napepeta mchele ambao ulikwisha kuwa safi. Ukiona mtu anapepeta mchele safi, jua ana jambo. Mimi nilikuwa nalo.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili Dar es Salaam, na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo unayotaka kuianza wewe, mwanafunzi wangu, sasa: kutengeneza chembe za metali kwa leza ndani ya maji. Na hawa wenzako waliokaa hapa, wanaosoma mambo mengine, wasininunie, nitaeleza. Unachukua kipande cha metali, unakilaza ndani ya glasi yenye maji safi, halafu unakipiga kwa mwanga wa leza, mapigo mafupi mafupi. Kila pigo linang'oa metali kidogo sana, inageuka mvuke wa moto, na maji yanaupoza papo hapo. Zinabaki chembe ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, unaona rangi ya maji tu. Hakuna kemikali inayotiwa. Ndiyo maana niliipenda kazi ile, ina usafi wake.

Sasa mimi nilitaka chembe zenye dhahabu na fedha kwa pamoja, zimeshikana ndani ya chembe moja, siyo dhahabu huku na fedha kule. Kwa hiyo nilihitaji kipande cha aloi, yaani dhahabu na fedha zilizoyeyushwa pamoja tangu mwanzo. Tuliagiza nje. Kikaja kipande cha fedha tupu! Walikosea, na kukirudisha ni kazi ya miezi. Leza yenyewe ilikuwa ya kuazima, na wiki inayofuata ilikuwa inarudi kwa wenyewe. Nisipopata majibu kabla haijaondoka, masomo yangu yamekufa. Sikuwa na njia nyingine.

Na mama alikuwa na bangili. Nzito, ya duara, haina kifungo. Dhahabu ya kuvaa haiwi tupu, masonara huitia fedha na shaba kidogo ili isipinde ovyo. Basi kile nilichokuwa nakitafuta ng'ambo kilikuwa mkononi mwa mama yangu, kinagongagonga sufuria kila akikoroga. Lakini kwetu pwani, mwanangu, dhahabu ya mwanamke haiombwi. Ni yake peke yake. Hata mumewe akiiomba, watamsema mpaka achoke mwenyewe. Na ile alivishwa na marehemu baba siku ya harusi yao. Nikajiambia, afadhali nifeli nirudi nyumbani niuze vitumbua.

Mama akaweka mwiko chini.

"Zuhura, tangu asubuhi unanitazama mkono. Una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Huna kitu, na ungo unakaribia kuutoboa! Sema."

Nikasema. Nikasema yote huku macho yangu yako kwenye mchele, na mwisho nikaongeza haraka haraka kwamba siombi, naeleza tu kwa kuwa kaniuliza. Nilidhani atanyamaza. Alikasirika, tena alikasirika kweli. "Hivi mimi ni mama yako, au ni mpangaji mwenzio? Mpangaji ndiye wa kufichwa shida!"

Bangili ikagoma kutoka. Aliivaa akiwa msichana mwembamba, sasa mkono umejaa. Tulipaka sabuni, tukapaka mafuta ya nazi, tukavuta mpaka kiganja kikawa chekundu, wapi! Mimi nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikasema basi mama, imekataa yenyewe. Yeye kashachukua khanga anajitanda. "Twende kwa sonara."

Sonara alikuwa mzee mpole, ana kiduka chake karibu na soko. Alipenyeza kibati chembamba kati ya ngozi na bangili asije akamjeruhi mama, kisha akamtazama. "Bi Mwanahawa, una hakika?" Mama akageuza uso upande wa barabarani akasema, "Kata." Ule msumeno wao una sauti ndogo, wallahi, lakini mimi niliisikia mpaka kwenye meno. Mama alijikaza, hakugeuka hata mara moja. Alipomaliza, sonara alitoa kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho, akakigonga mpaka kikawa bapa. Iliyobaki akaisugua ncha akamrudishia. Ikawa bangili yenye mwanya.

Jumatatu nikakipeleka maabara kwa msimamizi wangu, Mwalimu Elisante, mtu wa Moshi, asiye na maneno mengi. Akauliza kimetoka wapi. Nilipomwambia, alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. "Basi tukioshe vizuri," akasema. Tukakiosha, tukakilaza ndani ya maji, tukavaa miwani ya kinga, nikasema Bismillahi, akawasha leza.

Maji yakaanza kupata wekundu hafifu, kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Lakini rangi peke yake haitoshi. Lazima uipime, na mashine ya kupimia rangi ikichora vilima viwili, ujue dhahabu imekaa kivyake na fedha kivyake, umefeli. Ilichora kilima kimoja. Mwalimu Elisante akacheka kwa sauti, na mimi nikalia mbele yake bila haya.

Ijumaa nikarudi Dunda na chupa ndogo ya yale maji, na kile kipande nimekifunga kwenye pamba. Leza ilikuwa imekula kidogo mno, hata mzani wa sonara usingejua. Nikataka tukakiunge tena mahali pake. Mama alikuwa ameinua chupa anaitazama juani.

"Ndiyo dhahabu yangu hii?"

"Ndiyo, mama. Na fedha yake humo humo."

"Nzuri. Basi kipande kaa nacho, utakihitaji tena."

Nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya bangili. Akanikatiza. "Zuhura, tangu ulipokwenda shule ya bweni hujaniomba kitu. Viatu vikichakaa, kimya. Ukiugua, naambiwa na watu. Nikawa najisemea, mwanangu keshasoma, hanihitaji tena. Siku ile ulipoanza kuitazama bangili nilifurahi, basi tu sikukuonyesha."

Mtume! Miaka yote ile nilikuwa najisifu kwamba simsumbui mama. Kumbe yeye alikuwa anakaa na upweke wake pale jikoni, anangoja nimsumbue. Niliumia, mwanangu, niliumia sana.

Sasa sikiliza. Kazi hii itakukwamisha. Vifaa havitafika, umeme utakatika katikati ya kipimo, na utaona aibu kusema. Usijifungie chumbani ukajifanya jabali. Nenda kwa mama yako, au kwa yeyote aliyekulea, kaa naye, mweleze, hata kama hajui leza ni mnyama gani. Mwombe kitu. Kama hana cha kukupa, mwombe dua, mwombe akupikie unachokipenda. Usimwamulie wewe kwamba hana uwezo au ataona uzito. Mwache aamue mwenyewe, maana anataka kujua kama bado anakufaa.

Mama yangu ametangulia mbele ya haki. Yapo mengi ningemwomba leo, ya maana na ya upuuzi, hata anisuke nywele tu huku ananigombeza nitulize kichwa. Wako yupo. Mpigie leo, kabla hujaiwasha hiyo leza.

Mungu ayalinde macho yako na mwanga ule mkali. Akupe wepesi wa kuomba na moyo wa kupokea, na radhi za waliokulea zikutangulie kila uingiapo maabara. Amina, mwanangu, amina.