Mzungu wa Kuhesabu

Mwaka baba mkwe alipopata kiharusi, nilichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mume wangu alikuwa amehamishiwa kazi Nakuru. Alikuja wikendi moja moja, akamsalimu baba yake na kuniachia nguo za kufua. Mzee alilala chumba kilichopakana na sebule yetu hapo Kileleshwa. Mchana alikaa na dada wa kazi. Saa nyingine zote alikuwa wangu.

Kilichomleta kwetu ni mkono wa kulia, uliolala tu kando yake kama si wake. Daktari alisema usipofanyiwa mazoezi mapema utakauka vivyo hivyo, na watoto wake wakaamua kwamba harudi Limuru kwenye shamba lake la chai mpaka aweze kushika kikombe mwenyewe. Yeye alitaka kwenda. Na mimi, niseme ukweli, nilitaka aende. Lakini alipokuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mzee alimtazama toka juu mpaka chini.

"Mimi si mtoto wa kufundishwa kupungia watu mkono," akasema, akageukia ukutani.

Nilimbembeleza mpaka nikachoka kuisikia sauti yangu.

Siku moja nilipomsindikiza kliniki, daktari alinipima mimi pia, akaniambia presha imepanda, nifanye mazoezi. Nikacheka. Saa ngapi? Ilibaki alfajiri tu kabla sijaenda kazini mjini, mbele ya televisheni, na sidii ya Mzungu mmoja wa kike aliyeruka na kuhesabu kana kwamba hajawahi kuosha sufuria maishani mwake. Ila mke wa mwana hafungulii muziki akarukaruka na suruali ya kubana huku baba mkwe yuko ng'ambo ya ukuta. Ni aibu, na pia mgonjwa anahitaji utulivu. Nikaenda Ngara kununua hedifoni zisizo na waya. Zilikuja na kijisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni, nacho kinakurushia sauti masikioni.

"Hii ni moto, madam," muuzaji akanihakikishia. "Inarusha na FM, kama stesheni. Hata ukiwa jikoni inashika."

Nilidhani ni maneno ya biashara.

Basi nikawa naruka peke yangu, miguu mitupu juu ya zulia, nyumba kimya, nikijiona mjanja kweli.

Asubuhi moja mwili ulikataa kuamka. Nilipompelekea mzee chai nilimkuta na redio yake ndogo kifuani, akitafuta stesheni kwa mkono wa kushoto, uso ameukunja.

"Hii redio imeharibika," akasema. "Yule Mzungu wa kuhesabu leo hakuna."

"Mzungu gani, baba?"

"Yule wa mazoezi. Huwa hapa karibu na stesheni yetu ya Kikuyu."

Chai ilimwagika kwenye sinia. Kumbe muuzaji hakuwa akijisifu. Kijisanduku changu kilikuwa kikitangaza mpaka chumbani kwa mzee.

Kesho yake niliwasha sidii, nikavua hedifoni, nikanyata hadi mlangoni kwake. Ulikuwa wazi kidogo. Redio ilihesabu kwa sauti ya chini, na mzee, macho ameyafumba, aliuinua mkono wa kulia akiusaidia na wa kushoto. Kisha akauachilia, akajaribu bila msaada. Ulitoka kwenye blanketi kidogo, ukatetemeka, ukaanguka. Akangoja hesabu ianze tena. Nililia pale kwenye korido, na machozi yenyewe yalikuwa ya hasira kuliko furaha. Siku zote hizo nambembeleza, kumbe anamtii mwanamke asiyemjua!

Sikumwambia kitu. Angejua mwalimu wake yuko sebuleni na mke wa mwanawe, angezima redio, na mkono ungekauka. Kwa hiyo ilinibidi kuamka kila siku, nitake nisitake, maana nisipoinuka mimi, mkono hauinuki. Siku nilizoishiwa nguvu niliwasha sidii nikajitupa kwenye kochi, nikamwacha Mzungu arukeruke weee, mimi nikisikiliza kitanda kikilia ng'ambo ya ukuta. Presha yangu sijui kama ilishuka.

Siku aliyoshika kikombe, chai nusu ilimwagikia shati lake na hakuna aliyejali. Mume wangu akamrudisha Limuru, yeye na redio yake. Mimi nililala Jumapili nzima.

Haukupita muda mrefu, mzee akapiga simu.

"Mama, yule Mzungu huku hashiki."

"Ni milima, baba," nikamdanganya. "Inazuia mawimbi."

"Haya. Basi nitahesabu mwenyewe." Nilisikia ng'ombe akilia nyuma yake. "Lakini sasa na wewe upumzike. Nilikuwa naskia miguu yako kwa sakafu kila asubuhi. Na siku zile miguu ilinyamaza, nilijua umechoka, na bado umenifungulia yule Mzungu."

Mzee hakukata simu. Alianza kuhesabu polepole, moja, mbili, tatu, nami nikakaa chini kwenye zulia, simu sikioni, nikamsikiliza.