Maji ya Moto kwenye Mguu wa Mama

Kukanda nakujua. Hapa Manundu mtoto akizaliwa tu, ndugu wa mzazi wanakuja kunigongea, nami nakwenda na taulo langu na majani ya mwarobaini. Kwa hiyo mama alipokuja kwangu kutoka Mazingara kutibiwa sukari, akalalamika kwamba miguu imekufa ganzi, sikungoja ushauri wa mtu. Nilibandika sufuria la maji.

Nilimkalisha barazani, nikachovya taulo, nikakamua, nikaanza.

"Mama, yanaunguza?"

"Wapi! Mbona vuguvugu? Ongeza, mwanangu."

Nikaongeza. Viganja vyangu viliwaka, lakini nilijiambia mwenye mguu ni yeye, anajua. Mwishowe nikautumbukiza mguu wa kulia kwenye beseni. Akanisifu kwamba nina mkono mzuri, nikavimba kichwa.

Asubuhi yake malengelenge yalikuwa yamejaa mguuni. Siku ya tano kidole cha mwisho kikawa cheusi.

Daktari aliyetupokea hospitalini ni binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Alinipa shikamoo kwanza, ndipo akanisema, na alinisema kweli. Ganzi ile, alisema, ni sukari iliyoharibu mishipa ya fahamu. Mama hasikii moto. Nikajitetea: maji ya moto si yanafungua damu? Hakucheka. Akanieleza kwamba kuta za mishipa ya damu hutengeneza gesi kidogo sana, jina lake nitriki oksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoufanya mshipa ulegee, damu ipite. Hata joto la maji huileta damu kwenye ngozi kwa msaada wa gesi hiyo. Sukari ikikaa juu miaka mingi, gesi inapungua, mshipa unabaki umekaza.

"Umeiunguza ngozi, mama," akaniambia, "na damu ya kuiponya haifiki ya kutosha. Kidole tutakitoa. Mguu, tutaona."

Tutaona! Mama analima mahindi yake mwenyewe, hajawahi kuomba unga kwa mtu. Nililia palepale. Nikamwambia mama kosa ni langu, akanijibu, "Si nilikwambia uongeze?"

Basi kidole kikatolewa, nami nikashika kazi. Dawa kwa saa yake, ugali nikaupima kwa jicho kali, mchicha ukajaa sahani, na kila baada ya siku moja tulikwenda kusafisha kidonda. Jirani mmoja alikuja kunishauri nimkande kwa majivu ya moto, nikakataa.

"Kwani wewe si mkandaji?" akashangaa.

"Mkandaji aliyemuunguza mama yake. Nenda zako!"

Wiki ya sita daktari alikwangua nyama iliyokufa, kama kawaida. Siku zote kidonda kilibaki kimepauka, kikavu. Safari hii damu ikachuruzika, nyekundu kabisa, na chini yake nyama changa. Nilipiga kelele hadi muuguzi akachungulia mlangoni.

"Damu, mama! Damu imefika!"

Daktari akaangalia tena, taratibu, akasema mguu unabaki.

Mama alikuwa amelala chali, hajui hata kama kisu kimemgusa. Akainua kichwa, akautazama mguu wake, akaniuliza mimi, "Unauma?"

"Unauma, mama," nikamwambia. "Unauma sana."